Kiko cha Mzee Mwandoe

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Kifua cha mzee, kinapiga filimbi na mpigaji hayumo!

Basi, mwenye kukohoa akohoe sasa. Hapo zamani za kale, vilimani kwa Wataita, palikuwa na mpiga baragumu, Mzee Mwandoe. Desturi ya kijiji chake ilikuwa hii: bibi harusi hatoki kwao mpaka babu yake apulize baragumu mara tatu. Babu akishindwa, baragumu hupewa babu wa upande wa bwana. Aibu hiyo, jamani, hata masika hayaioshi.

Mjukuu wake, Wakesho, akaposwa. Harusi baada ya mavuno. Mzee akashusha baragumu darini, akapuliza. Pfff! Akapuliza tena. Pfff! Mara ya tatu sauti ikatoka, lakini haikutokea mdomoni. Watoto, msicheke, nanyi mtazeeka.

"Ni uzee," akasema, akipapasa kiko chake cha tumbaku.

"Uzee gani?" akasema mkewe, Mghoi. "Mbona mimi natwanga?"

Asubuhi yake, kiko hakionekani.

"Mama Mwakio, kiko changu?" akamwuliza mkewe.

"Nimempa dada yako akakitengenezeshe. Kifuate."

"Kule kileleni? Nitafika maiti!"

"Ukifika maiti, atakupa uji."

Akapanda. Hatua, akahema. Hatua, akahema. Hatua, akaketi. Simcheki, nimezunguka nchi nyingi, lakini kilima kikubwa nilichowahi kubeba ni hiki kitambi changu.

Dada yake, Mkamburi, akampokea. "Ah, kaka! Kiko kimeenda kwa fundi. Njoo kesho."

Kesho: "Fundi ana homa."

Kesho kutwa: "Fundi amepona, kiko ndicho chenye homa."

Mzee akamtukana fundi, akakitukana kilima, akautukana ukoo wake mwenyewe. Lakini kila alfajiri alipanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; na mtaka cha kileleni je? Kikohozi kikapungua. Usingizi ukamrudia. Njiani akaanza kuimba, wala hakujitambua.

Harusi ikafika. Wakesho yuko mlangoni, macho kwa babu yake. Upande wa bwana wamekwisha kunyoosha mikono wapokee baragumu. Mzee akavuta pumzi.

Puuuu! Mbuzi wakakata kamba. Puuuu! Puuuuuu!

Wakesho akatoka, analia, anacheka.

Jioni Mghoi akaingiza mkono mtungini, akatoa kiko. "Kilikuwa humu siku zote."

"Umenidanganya tangu kupanda hadi kuvuna!"

"Niliidanganya miguu. Kifua nilikiambia kweli."

Machozi yakamlenga mzee. "Ahsante, mama Mwakio. Pumzi niliyopuliza leo ni yako."

Alfajiri yake, huyo, ameshika bakora.

"Wapi tena, mume wangu?"

"Kufuata kiko," akasema. Na kiko kile pale uani, kuku wanakidonoa.

Mghoi akajitanda shuka, akamfuata.

Hadithi yangu imefika kileleni, nami naketi niheme. Wenye pumzi mpo?
— Tupo!
Basi mshukuruni aliyewaficha kiko.