Gari Lililopita Kanisa

Wapendwa, kule Makete, ambako mwezi wa sita majani huamka meupe kwa sakitu, umande ulioganda kwa baridi, kulikuwa na baba mmoja aliyependa gari lake kuukuu kama kitinda mimba. Injini yake haikuwa na pistoni kama za magari yetu. Ndani yake kilizunguka chuma cha pembe tatu. Tangu bintiye akiwa mdogo, baba alimwahidi kwamba siku ya ndoa atampeleka kanisani kwa gari hilohilo.

Siku ikafika. Bibi harusi yumo ndani ya gari, mashangazi wanapiga vigelegele, baba akapiga stata. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akakanyaga mafuta, akapiga tena. Wapi! Akazidi kukanyaga. Jasho likamtoka na baridi ile yote, maana kanisa limejaa na ahadi ni deni.

Binti akashuka, kakunja gauni mkononi, akanusa.

"Baba, gari halina njaa. Umelinywesha petroli mpaka plagi zimelowa. Asubuhi ulilitoa bandani?"

"Nililitoa nilioshe, mwanangu. Nikalizima palepale, nibane mafuta."

"Na tabia yake unaijua. Ukilizima kabla halijapata moto, kuwaka tena ni kazi."

Wakachomoa waya wa pampu ya mafuta yasizidi kuingia, wakafungua plagi, wakapiga stata mpaka injini ikatema petroli iliyozidi. Plagi wakazikausha kwa khanga ya shangazi, wakarudisha kila kitu. Likawaka. Moshi ukawameza wapambe, watu wakacheka mpaka machozi.

Kanisani kwaya ikaliona, ikaanza kuimba. Gari likapita. Bwana harusi akashika kichwa: bibi harusi anatoroshwa na baba yake mzazi? Kumbe mle ndani binti anasema, "Halijapata moto bado, baba. Tuzunguke." Wakaenda hadi sokoni, wanapunga mikono kwa wauza viazi, baba kafurahi hana mfano. Waliporudi ndipo akazima.

Sasa sisi je? Nani hapa hajawahi kuwaka Jumapili? Tunaimba, tunalia, tunaahidi kupatana na jirani. Tukifika getini, tunazima. Jumatatu moyo hauwaki, nasi tunakimbilia mkesha mwingine, semina nyingine, mafuta juu ya mafuta. Ndugu zangu, mahubiri hatujapungukiwa. Kwa hiyo leo nanyamaza mapema. Yule uliyemkosea yuko kwake sasa hivi. Usipitie nyumbani kula kwanza. Nenda ungali unawaka.