Mbiu Iliyokwama Mlangoni

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti zimelegea, na ugali mmeumaliza wote? Na nyinyi watu wazima huko nyuma, msijifiche. Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sasa mko hai. Hapo zamani za kale, kale ya wanyama kusema lakini si kale ya kukosa kompyuta, palikuwa na mto. Kando ya mto, shimoni, aliishi Panya Buku na watoto wake saba. Saba! Hakuna hata mmoja aliyefumbua macho. Na panya habebi mtoto mgongoni. Hubeba kwa mdomo, mmoja mmoja. Mto ukifurika, safari ni saba.

Basi wanyama walikuwa na programu waliyoitengeneza wenyewe, jina lake Mbiu. Maji yakianza kujaa, Mbiu inalia: puuu! puuu! Haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya wote. Unaichukua, unaifungua, unatazama ndani, unatengeneza palipoharibika. Ila desturi yao ilikuwa hii: tengenezo haliingii kwenye Mbiu ya barazani, ile wanayoichukua wote, mpaka wakubwa watatu waweke nyayo zao kulikubali. Wakubwa wenyewe ni Nungunungu, Nyani na Ngiri.

Masika yakaingia. Panya Buku akaichukua Mbiu, akaisakinisha kwenye kompyuta yake. Kru-kru-kru... kimya. Imekwama. Akajaribu tena. Kru-kru-kru... kimya. Kwenye kioo yakatokea maandishi mekundu. Akakimbilia barazani.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Mbiu imekataa kuingia kwangu. Na mto mnauona."

Nungunungu akasimamisha miiba. "Kwangu inaingia."

"Lakini kwangu haiingii, mzee."

"Kwangu inaingia!"

Ndivyo alivyo huyo. Ukimwambia nyumba yako inaungua, atakwambia yake haiungui.

Nyani akasema, "Tubomoe yote, tuandike upya. Miezi sita tu."

"Upya wa nini?" akafoka Ngiri. "Turudi kwenye ile ya zamani. Ile haikumsumbua mtu."

"Ile ya zamani ilikuwa hailii!"

"Ndiyo maana haikumsumbua mtu!"

Wakabishana asubuhi. Wakabishana mchana. Maji yakapanda, chwa, chwa, chwa.

"Wazee wangu," akasema Panya Buku, "yale maandishi mekundu, kuna aliyeyasoma?"

Nyani akajikuna kwapa. "Maandishi mekundu hayasomwi, mama. Yanafungwa."

Nawaambieni kweli, hapo ndipo nilipompenda mama huyu. Alirudi shimoni, akakaa, akayasoma, neno kwa neno. Yalisema: Mbiu inasubiri Kipimo kiingie kwanza. Kipimo kinasubiri Mbiu iingie kwanza. Kipimo ni kile kipande cha programu kinachopima maji. Basi vimesimama mlangoni kama wageni wa harusi. Hiki, "Tangulia wewe." Kile, "Hapana, tangulia wewe." Na hakuna kinachoingia! Kwa Nungunungu Kipimo kilikuwa kimeshaingia zamani, ndiyo maana yake haikukwama.

Panya Buku akaandika tengenezo: ufutwe mstari mmoja tu, ule unaokiambia Kipimo kisubiri. Akalipeleka barazani.

Nungunungu akalitazama. "Kazi ni sahihi. Lakini maelezo yako yameanza na herufi ndogo."

"Mimi ningefuta ule mwingine," akasema Nyani.

"Mimi sijaelewa," akasema Ngiri, "kwa hiyo napinga."

"Wazee, nina watoto saba!"

"Tutalijadili Ijumaa."

Hata unyayo mmoja haukuwekwa. Panya Buku akakasirika mpaka masharubu yakatetemeka. Akarudi kwake. Akachukua nakala yake ya Mbiu, maana ni ya wote, akaufuta ule mstari, akasakinisha. Kru-kru-kru... tii! Imeingia. Na ilipoingia tu, puuu! puuu!

Akamshika mtoto wa kwanza kwa mdomo, mbio mpaka kilimani. Wa pili, mbio. Wa tatu, mbio. Njia ya kilimani inapita mbele ya baraza. Kila akipita wanamwuliza, "Nani kakupa ruhusa?" Hajibu. Mdomo umejaa mtoto.

"Mmeona?" akasema Ngiri. "Anaona aibu."

Wa nne. Wa tano. Wa sita. Alipotoka na wa saba, shimo likajaa maji nyuma ya mkia wake.

Kisha maji yakaingia barazani, Mbiu ya Nungunungu ikilia bila wa kuisikiliza. Kompyuta ya Nungunungu ikasema blup. Nyani akaparamia paa, akimvuta Ngiri kwa masikio, na Nungunungu akimsukuma Ngiri kwa nyuma, kwa miiba. Alipiga kelele huyo! Walipotulia juu, wamelowa chapachapa, Nungunungu akapaza sauti kuelekea kilimani:

"Wewe! Hujatujibu! Nani kakupa ruhusa?"

Panya Buku akamlaza mtoto wa saba. Sasa mdomo ulikuwa mtupu. Akawahesabu, mmoja mpaka saba.

"Hawa," akasema.



Wanangu, na nyinyi wazazi wao, funzo ni hili: mtu akikuletea shida, itazame shida yake kabla hujaanza kuitetea kazi yako. Na ukiweza kujitengenezea, usikae kungoja ruhusa ya wanaobishana.

Hadithi yangu imekomea hapo, nami nanyamaza.