Mafiga Matatu ya Asende

"Figa moja la kwenu, mawili okota uliko."

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia Tausi maneno hayo, nanyi mkaanza kuchekana. Mtoto anakwenda Uturuki kusoma, sanduku limejaa dagaa, unga wa muhogo, chupa mbili za mawese na kinu cha kutwangia vitunguu saumu, na shangazi anatoa kimoja kimoja anarudisha jikoni. Tausi kanuna, midomo imemrefuka. Haya, chekeni mmalize, kisha mnisikilize. Methali hii haikuzuka kinywani mwa shangazi yenu. Ilianza mbali, na ilianza kwa machozi. Ilikuwa hivi.

Zamani, ng'ambo ya ziwa, upande ule jua linakozama, palikuwa na msichana aitwaye Asende, binti pekee wa mama yake. Kwao milima inashuka hadi majini, na ukungu hauondoki mpaka watu wamemaliza uji. Hapo ndipo alipomkuta Ruhaga, kijana wa huku kwetu, nchi ya chumvi. Ruhaga alikuwa amekwenda kuuza mizigo yake. Akaiuza, akabaki, akaoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini asipokuwepo ulijua hayupo.

Huko kwao palikuwa na desturi. Binti akiolewa mbali, asubuhi ya kuondoka mama yake huzima moto, hungoja majivu yapoe, kisha hung'oa figa moja katika mafiga yake matatu na kumpa. Asende alipewa lililokuwa upande wa mlangoni, jiwe la kijivu lenye mstari mweupe. Mama yake akalifunga kwenye kitambaa, akalitia kikapuni, asiseme neno. Alitaka kusema, lakini wakwe waliokuja kumchukua binti walikuwa wamesimama uani, na mama aliona akifungua kinywa tu atalia mbele yao. Akayameza maneno yake. Lo! Laiti asingeyameza, hadithi hii isingekuwepo.

Maana Asende aliwaza hivi: vyombo vya bibi harusi haviendi vyote siku moja. Mikeka hufuata, vyungu hufuata, hata mahari yenyewe hulipwa kidogo kidogo. Basi mama ametanguliza figa moja, mawili yatakuja nyuma. Ndivyo alivyowaza, na hakuna aliyemsahihisha.

Akavuka ziwa siku mbili kwa mtumbwi, akatembea siku nne, akafika huku. Masikini, aliona nini? Nchi tambarare, jua kali, vyungu vya maji ya chumvi vikichemka tangu alfajiri, na moshi kila mahali. Watu wanasalimiana kwa kupiga makofi. Hakuna mlima hata mmoja wa kuegemeza macho. Ruhaga alikuwa amemjengea nyumba na jiko zuri, limesiribwa hadi linang'aa. Siku ileile akaja jirani, mama mtu mzima aitwaye Nyamizi, amebeba kaa la moto kwenye kigae, ndiyo desturi ya huku ya kumkaribisha mgeni.

"Washa, mwanangu," akasema. "Jiko lisilo na moto hulaliwa na nyoka."

"Ahsante, mama," Asende akajibu. "Lakini nangoja mafiga yangu. Limekuja moja tu."

Nyamizi akatazama lile figa moja katikati ya jiko, kisha akatazama nje, ambako mawe yalitapakaa hadi macho yalipokomea.

"Na hayo ya nje?"

"Hayo ni mawe tu, mama."

Kaa likazima kwenye kigae chake. Nyamizi akalimwaga uani, akaenda zake bila kinyongo.

Siku zikapita. Ruhaga akawa anakula kwa dada yake. Asende aliletewa sahani, akadonoa viwili vitatu, akasukuma kando. Watu wakaanza utani, kwani nyie mnawajua watu. "Jirani, umepika nini leo?" Na wengine wakajibu wenyewe kwa kicheko, "Figa moja haliinjiki chungu!" Asende alisikia yote. Aliona haya, na haya nayo ikamzidishia kiburi. Angewezaje kuchanganya jiwe la mama yake na mawe ambayo mbuzi wa watu walikuwa wakiyakojolea?

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Mchana mmoja wa joto, upweke ulipomzidi, Asende alilitoa lile figa jikoni, akalifunga tena kwenye kitambaa cha mama yake, akaliweka chini na kulilalia kama mto. Kitambaa kilikuwa bado kinanukia moshi wa kwao. Usingizi ukamchukua.

Akajikuta kwa mama. Ukungu mlangoni, kuku wanaparua majani, na mama amechutama akipuliza moto. Mama hakushangaa kumwona. Alimsogezea kigoda tu. Kisamvu kilikuwa tayari, kimekolea mawese hadi kimekuwa chekundu pembeni, na ugali ukifuka mvuke. Asende akala, akala, mama anaongeza. Hakuna aliyemwuliza atarudi lini. Alipoamka midomo yake ilikuwa bado ina ladha ya mawese, na dada wa Ruhaga amesimama na sahani.

"Nimeshiba," Asende akasema, na alisema kweli yake.

Kesho yake akaenda tena. Na kesho kutwa. Ikawa kazi yake. Alikuwa akifagia uwanja haraka haraka ili apate kulala. Kila mara mama alikuwa pale, kigoda kilikuwa pale, ukungu haukuwa umeondoka. Wakati mwingine alisikia sauti za nchi ya chumvi zikipita juu ya paa la mama kwa mbali, wachota maji wakiitana, Ruhaga akikohoa, akaona kana kwamba hao ndio ndoto. Nyamizi alimkuta siku moja akinyoosha mkono usingizini na kumega tonge ambalo halikuwepo.

"Umekula, mwanangu?" akamwuliza alipoamka.

"Nimekula."

"Wapi?"

"Kwa mama."

Nyamizi akamshika mkono. Ulikuwa umebaki mfupa na bangili. "Tonge la ndotoni linashibisha ndoto," akasema. "Mwili haulijui."

Jamani, msije mkadhani Asende hakumpenda mumewe. Alimpenda sana. Jioni Ruhaga alipokaa karibu yake, naye akachoka kutafuta la kusema, akabaki kumpepea tu, Asende alitamani kufa kwa aibu. Alimtaka mume na alimtaka mama, na kila alipomwendea mmoja alimpoteza mwingine. Ndipo alipomwita Wilondja, mchuuzi aliyekuwa akivuka ziwa kupeleka chumvi na kurudi na mawese, akampa ujumbe.

"Mwambie mama aniletee yale mawili. Bila hayo sipiki. Nisipopika nitakufa, au nitaachwa. Yote mawili sitaki."

Wilondja akaenda. Mwezi ukaandama, ukapungua, ukaandama tena. Asende akakonda hadi pete ya kidoleni ikawa inaanguka akinawa. Siku moja alianguka yeye mwenyewe njiani kwenda chemchemi, ndoo upande huu na yeye upande ule, na waliomwokota walisema alikuwa mwepesi kama tita la majani makavu. Ruhaga akampokea mlangoni, akamlaza, kisha akaanza kufunga mizigo.

"Kesho kutwa nakurudisha kwa mama yako," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi vyungu vya chumvi niliachiwa na baba. Siwezi kuviacha." Akakaza kamba ya mzigo. "Afadhali uwe hai mbali nami kuliko nikuzike hapa mlangoni."

Asende akageuza uso ukutani. Alikuwa anarudi kwao, jambo alilolililia miezi yote, na moyo wake ulikuwa unapasuka. Safari hii alipolala juu ya figa, ndoto haikuja kabisa.

Asubuhi ya kufunga safari, Wilondja akaingia uani na vumbi lake, kikapu begani. Asende akajikokota, akakikumbatia kikapu, akatia mikono mpaka chini. Kulikuwa na chupa ya mawese na majani ya muhogo yaliyokaushwa. Hakukuwa na jiwe.

"Yako wapi?"

"Kaa kwanza, dada," Wilondja akasema. "Mama yako nilipomfikishia habari alicheka. Halafu akalia. Halafu akanipeleka jikoni, akanionyesha. Pale alipong'oa lako ameweka jingine. Anasema aliliokota siku ileile uliyoondoka, kwa sababu wajomba zako walibaki na walikuwa na njaa."

"Ameokota? Ameokota wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Naye kasema hivi, niliyashika neno kwa neno: 'Mwambie sina mafiga ya kumpa. Mwambie afumbe macho akumbuke, mafiga yangu yalifananaje?'"

Asende akafumba macho. Jiko likamjia, safari hii bila usingizi. Mama amechutama, moto, chungu. Chini ya chungu, mawe mawili ya kijivu yenye mstari mweupe, kama mawe yote ya milima ile. Na la tatu, lile la ukutani, jeusi tititi, halina mstari, halifanani na wenzake. Alikuwa amelikalia utotoni akiota moto. Alikuwa amepigwa kwa kulimwagia maji. Hakuwahi hata siku moja kuuliza limetoka wapi.

"Lile jeusi," akasema polepole.

"Ehee! Hilo ni la bibi yako," Wilondja akasema. "Mama yako alikuja nalo kutoka nchi ya misitu, mwendo wa siku nane, alipoolewa. Yale ya kijivu aliyaokota mlimani akiwa mgeni, analia, na watu wanamcheka. Hilo unalolilalia ni mojawapo. Anasema, 'Nilimpa figa la kwao. Mawili akaokote aliko, kama mimi.'"

Asende akalifungua lile figa kitambaani. Alilitazama lile jiwe la kijivu. Kwake lilikuwa ndilo nyumbani, ndilo ukungu, ndilo mama mwenyewe. Kumbe kuna siku lilikuwa jiwe tu, mbele ya msichana mmoja mgeni mwenye macho mekundu. Akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu avuke ziwa, na Ruhaga akaacha mizigo akaja kukaa karibu naye.

Alipomaliza akasimama, akatoka uani. Akainama kuokota jiwe kando ya chemchemi.

"Si hilo!" Nyamizi akapaza sauti kutoka mlangoni kwake. Kumbe muda wote alikuwa anachungulia. "Hilo limekunywa maji, litakupasukia motoni likupofue. Njoo huku juu."

Wakapanda pamoja, Nyamizi akimshika kiwiko. Akamfundisha kuyagonga na kusikiliza mlio, akamwonyesha yaliyo mazito na makavu, mawe mekundu ya nchi hii. Asende akachagua mawili. Walipofika jikoni Nyamizi akaenda mbio kuleta kaa la moto, na mbio zake, nyie, zilikuwa za kuchekesha maana magoti yalikuwa yamekwisha.

Chungu cha kwanza kilikaa upande, kikamwaga nusu ya mchuzi. Wakakiegemeza kwa kigae. Asende akapika kisamvu cha majani makavu, akatia mawese ya kwao na chumvi ya huku. Akaonja.

"Si cha mama," akasema, machozi yanachuruzika, na safari hii nusu yake ni moshi.

"Kimeiva?" Nyamizi akauliza.

"Kimeiva."

"Basi pakua, mwanangu, tunakufa njaa."

Wakala wanne, pamoja na Wilondja, na Ruhaga akakomba chungu. Mizigo ikafunguliwa bila mtu kusema ifunguliwe. Na tangu siku hiyo Asende hakulilalia tena figa, kwani lilikuwa motoni kila siku, na jiwe la moto halilaliwi. Mama bado alimtembelea ndotoni, mara moja moja, hasa mvua za kwanza zinaponyesha. Aliamka na huzuni, akalia kidogo, akaenda kuwasha moto.

Miaka ikaenda. Asende akapata binti, binti akakua, akaposwa nchi za kusini huko, mbali kuliko mbali. Asubuhi ya kuondoka, Asende akazima moto, akangoja majivu yapoe. Binti akachutama kando yake, akanyoosha kidole kwenye jiwe la kijivu lenye mstari mweupe.

"Mama, nipe hili. Hili ndilo la nyumbani."

Wakwe walikuwa wamesimama uani. Asende akafungua kinywa, akalia mbele yao wote, wala hakujali, akasema yale ambayo mama yake aliyameza.

"Hilo ni la kwetu, mwanangu. La kwenu ni hili." Akang'oa moja jekundu, akamtilia mikononi. "Ukifika usiketi kungoja mengine. Figa moja la kwenu, mawili okota uliko."

Haya. Tausi, futa machozi, njoo uchague chupa moja ya mawese. Moja tu. Chumvi utaikuta.