Bi Mize na Shuka ya Kashani

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu wenye njaa. Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa kule nyuma, tema makapi usikilize, maana hadithi hii haina mfalme wala zimwi. Ina shuka, ina jiwe, ina maji. Asiyependa shuka na alale chini.

Hapo zamani za kale, sabuni haijajulikana, palikuwa na kijiji. Kijijini palikuwa na mto. Mtoni palikuwa na jiwe la kufulia, na kwenye jiwe palikuwa na bibi mmoja, jina lake Bi Mize. Mgongo umepinda, vidole vimekunjamana kwa maji, meno hana ila maneno anayo. Watu walisema Bi Mize akipita karibu na nguo iliyoanikwa, huinusa tu akamjua aliyeifua, na akajua kama siku hiyo aligombana na mumewe.

Katika kijiji hicho aliishi Zawena, binti wa mzee Mwinyimvua. Mama yake, Bi Sauda, alifariki mwanzo wa masika. Akamwachia mwanawe shuka moja nyeupe, yenye taraza nyekundu pindoni. Ndiyo shuka waliyojifunika wote wawili Zawena alipokuwa mdogo. Zawena hakuifua. Aliikunja vilevile ilivyotoka kitandani, akaitia kashani, akafunga, ufunguo akautundika shingoni.

Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa na harufu ya mama yake.

Kila siku, akimaliza kazi za jikoni, alifungua kasha. Kwaa. Akazamisha uso kwenye shuka, akavuta pumzi. Siku ya kwanza, mama. Siku ya saba, mama. Siku ya arubaini, mama, lakini kwa mbali. Akafunga kasha. Kwaa. Akarudi kuketi na baba yake, na moyo ukatulia kidogo.

Mvua nayo haikuwa na habari na msiba wa mtu. Ndo, ndo, ndo. Ndo, ndo, ndo. Kasha lilikaa chini kwenye udongo, na unyevu ukapanda kidogo kidogo, kama mgeni asiyepiga hodi. Siku moja Zawena akafungua, akazamisha uso, akautoa upesi. Uvundo.

Akafanya nini? Msichana wa watu akachukua chetezo, akatia makaa, akatia udi, akaifukiza shuka. Kesho yake uvundo na udi. Akaongeza udi. Kesho kutwa uvundo mwingi na udi mwingi. Akaongeza tena, na ubani juu yake. Nyumba ikajaa moshi, baba yake akapiga chafya mpaka kofia ikaanguka.

"Mwanangu," akasema mzee Mwinyimvua, "humu ndani mna harusi au mna panya aliyekufa?"

"Sijui, baba."

"Basi naona panya ndiye anayeoa."

Zawena hakucheka. Alikuwa ameona vidoa vyeusi vya kuvu, vimetapakaa kwenye shuka kama ufuta. Na karibu na taraza palikuwa na tundu dogo, nondo amekwisha kuanza kula. Hapo ndipo alipoogopa hasa. Akiiacha, shuka itaoza. Akiifua, harufu itakwenda na maji. Huku moto, huku maji ya moto, na mama ni mmoja tu.

Akaichukua mpaka mtoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo uliyobeba imekufa lini?"

"Ni shuka ya mama, bibi. Nimekuja uiponye. Lakini usiifue."

"Mimi si mganga," akasema Bi Mize. "Mimi nafua."

"Ukiifua mama ataondoka."

Bi Mize akaacha kazi. Akajifuta mikono, akamkalisha Zawena kando yake juu ya jiwe. Hakumcheka, maana alimpenda Bi Sauda, na yule msichana alimwona akizaliwa.

"Inuse tena, mwanangu. Taratibu. Huyo unayemnusa ni mama yako?"

Zawena akanusa. Akanusa tena. Machozi yakamtoka.

"Hapana, bibi. Ni kasha."

Akamkabidhi.

Basi Bi Mize akaimba wimbo wake, ule aliomwimbia kila mtu aliyefika pale na nguo:

"Maji kwanza, jua pili, udi mwisho. Anayeanza na udi anaupaka uchafu manukato."

Kwanza akatumbukiza taraza kwenye maji ya chumvi, ili rangi nyekundu isitoke ikachafua weupe. Kisha akailoweka shuka nzima katika maji ya majivu yaliyochujwa. Kila kidoa cha kuvu akakisugua kwa ndimu na chumvi. Halafu jiwe. Pu, pu, pu. Si kwa nguvu. "Nguo kuukuu haipigwi, inabembelezwa," alisema. Akasuuza, chwaa. Akasuuza tena, chwaa. Akasuuza mara ya tatu, mpaka maji yaliyotoka yakawa sawa na maji yaliyoingia. Akaitandaza juani kwenye majani, upande wa ndani juu.

Jua likaila ile kuvu yote. Alasiri shuka ilikuwa nyeupe pee. Zawena akakimbilia kuinusa.

Ilinukia maji. Ilinukia jua. Safi kabisa, na mama hayumo.

"Bibi," akasema Zawena, "umemfua mama yangu."

Jamani, mimi neno hilo kila nikilisimulia linanichoma. Bi Mize naye lilimchoma. Alikunja shuka, akampa, akasema, "Nitakuja kwenu kesho asubuhi." Basi.

Asubuhi akaja, na mkongojo wake, ko, ko, ko.

"Hodi."

"Karibu, bibi," akasema Zawena. Macho yamevimba.

"Mama yako alikuwa akifua nami mtoni. Maji yetu mamoja, majivu yetu mamoja, jua letu moja. Lakini shuka zake alikuwa akizibeba mbichi, akija kuzianika nyumbani. Alizianika wapi?"

"Sijui, bibi. Mimi asubuhi nilikuwa shamba. Nikirudi alasiri, shuka tayari iko kitandani."

"Kamba iko wapi?"

Zawena akatazama huku na huku. Kamba haikuwepo. Miaka yote hiyo nyumba yao haikuwa na kamba ya kuanikia, na yeye hakuwahi kuliona hilo.

Bi Mize akazunguka nyuma ya nyumba. Kisha akaita, "Zawena, njoo utazame kitanda cha mama yako."

Pale nyuma palikuwa na mrehani mkubwa, mmea wa majani ya kunukia, umeenea kama mkeka. Mirehani yote huota kichwa cha mviringo. Huu ulikuwa bapa juu, umelala sawasawa, upana wa shuka, urefu wa shuka. Katikati vichipukizi vipya vilikuwa vimeanza kuinuka, maana tangu masika hapakuwa na wa kuulaza kwa shuka mbichi.

Wakailowesha shuka, wakaikamua, wakaitandaza juu ya mrehani, mmoja huku, mmoja kule. Jua likapanda. Majani yakapata joto chini ya nguo. Wakangoja wakila mihogo, na mzee Mwinyimvua akaja kuketi nao bila kuuliza kitu. Jua lilipoinama, kabla umande haujaanguka, wakaianua.

"Usiikunje ya moto," Bi Mize akaonya. "Ikipelekwa kashani na joto lake hutoka jasho. Iache ipoe."

Ikapoa. Zawena akazamisha uso.

Mama.

Si kwa mbali. Mama mzima, kama amerudi kutoka mtoni na mikono yake imelowa. Zawena akalia. Baba yake akaomba ncha ya shuka, akainusa, naye akalia.

"Mwaona," akasema Bi Mize, "hakuwa kashani. Alikuwa kwenye kazi yake."

Tangu hapo Zawena aliliinua kasha juu ya mawe manne, akalitia karafuu kuwafukuza nondo, akawa analifungua kila jua likiwaka. Shuka ikafuliwa, ikaanikwa juu ya mrehani, ikapoa, ikakunjwa. Ikafuliwa, ikaanikwa, ikapoa, ikakunjwa. Ule ufunguo hakuuvaa tena shingoni.

Miaka ikaenda. Bi Mize akafariki, naye Zawena ndiye aliyeifua sanda yake, pu, pu, pu, kwa kubembeleza. Zawena akaolewa, akazaa binti, akamwita Mize. Siku moja adhuhuri yule mtoto alikuwa na homa, amejifunika ile shuka mpaka puani. Zawena akainama amguse paji.

"Mama," akasema mtoto, "shuka hii ina harufu yako."

Zawena akataka kumwambia, hapana mwanangu, hiyo ni harufu ya bibi yako. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akapanda kitandani, akaingia ndani ya shuka pamoja naye.

Basi wanangu, aliyekufa hafungiwi kashani. Fanya alilokuwa akilifanya, utamkuta hapo.

Na hadithi yangu nimeianua, imepoa, nimeikunja. Imeishia hapo. Nendeni mkaanue na nguo zenu, umande unaanguka.