Sultani Asiyetaka Kubadilika Hata Unywele

Hapo zamani, katika mji wa Hadhirani ulio nyuma ya milima ya chumvi, alitawala Sultani Mundhiri, ambaye majeshi yake yalishinda kila vita isipokuwa vita vya sebuleni mwake. Asubuhi alimkemea mkewe, Malkia Raihana, kwa sababu ya kahawa. Adhuhuri alimkaripia mwanawe Hilali, mtu mzima mwenye ndevu, tena mbele ya watumishi. Na mama yake mzazi, Bibi Ghaniya, alikuwa ametimiza miezi saba bila kumsemesha, ikawa mama na mwana wanapelekeana salamu kwa kinywa cha waziri.

Basi katika mji huo palikuwa na mtaa wa Wayahudi, na mtaani humo aliishi fundi wa matandiko ya punda, jina lake Yefeti. Alikuwa fukara hohehahe, na watu walimhesabu punguani kwa kuwa aliyapokea maneno kama yalivyosemwa. Ukimwambia, "Yefeti, ngoja kidogo," alikuuliza hicho kidogo ni kiasi gani, akangoja kiasi hicho, kisha akaenda zake.

Ikawa Ijumaa moja, jua likielekea kuzama, Sultani akapita mtaani humo akaona taa madirishani, akasikia watu wakiimba mezani pamoja na wake zao na watoto wao. Akamwuliza waziri wake, Shaddadi, "Hawa wana harusi?"

"La, Maulana. Hiyo ndiyo Sabato yao. Hufanya hivi kila juma."

Sultani akaingiwa na wivu mkubwa. Siku ya pili yake usingizi ulimpaa, na siku ya tatu akaamuru aletwe mtu kutoka mtaa ule. Wazee wa mtaa wakakutana wakishikana ndevu, wakashauriana wamtoe nani, na mwisho wakamtoa Yefeti, kwa hoja kwamba akikatwa kichwa, hasara itakuwa ndogo.

Sultani akamwambia, "Nimesikia mna mafundisho ya kutengeneza nyumba. Mimi nina walimu saba, wamenisomea vitabu mpaka vimelegea mishono, na nyumba yangu iko vilevile. Nakupa siku saba. Itengeneze nyumba yangu, pawe na amani na kicheko. Ila mimi usinibadili hata unywele mmoja. Mimi ni Sultani, kasoro hazinihusu. Ukishindwa, mtaa wenu wote utahama kabla ya mwezi kuandama."

Yefeti akauliza, "Hata unywele mmoja, Maulana?"

"Hata mmoja."

"Na kitakachotengenezwa ni nyumba, si mwenye nyumba?"

"Ndivyo nilivyonena."

"Basi namwomba Maulana aamuru yaandikwe vivyo hivyo, yatiwe na muhuri."

Yakaandikwa, yakatiwa muhuri, na Yefeti akarudi kwake miguu ikimlemea, kwani mtaani mle ndimo alimozikwa mama yake, na ndimo walimozaliwa binti zake wawili, Tamari na Yemima. Chakula kikamshinda. Mkewe, Nadra, akaketi mbele yake akamwuliza kulikoni, naye akamweleza yote.

Nadra akafikiri, kisha akasema, "Baba Tamari, unaukumbuka mwaka ule ulipokuwa mkali? Ulikuwa huingii ila kwa kelele."

"Naukumbuka, na bado naona haya."

"Uliwahi kujiuliza tulikaaje ulipokuwa umetoka?"

Yefeti akauliza, "Mlikaaje?"

"Tulikuwa tunacheka," akasema Nadra kwa upole. "Tukisikia hatua zako, tunaacha."

Neno hilo lilimchoma Yefeti kama sindano ya kushonea ngozi, ingawa ni mambo ya miaka mingi nyuma. Akainama asionekane macho. Lakini alipoinua kichwa alikuwa amekwisha kujua la kufanya, naye akaomba sahani yake irudishwe.

Siku ya Ijumaa akaenda ikulu akasema, "Maulana, kazi inaanza leo. Namwomba awe mgeni wangu mpaka Jumapili asubuhi. Asichukue mtumishi, wala waziri asipeleke wala asilete neno lolote."

Sultani akadhani anakwenda kuonyeshwa siri yenyewe ya amani, akakubali upesi. Lakini alipofika kwa Yefeti alimkuta Nadra akimfokea mumewe kwa kuwa amesahau kununua mafuta ya taa, na Yefeti akijibu kwa sauti ya juu kuliko yake. Sultani akaketi akifurahi moyoni, akanena, "Nimekuja kutazama amani, nami naona mambo ya kwetu."

"Tunagombana, Maulana," akajibu Yefeti, akitoka kwenda kuazima mafuta kwa jirani. "Watu wawili wakikaa nyumba moja bila kugombana, mmoja wao ni marehemu."

Aliporudi na mafuta, kabla taa hazijawashwa, akasimama mbele ya mkewe akasema, "Nadra, nimekukosea. Kosa lilikuwa langu na kelele zikawa zangu pia. Nisamehe."

"Nami nimekuita mzembe mbele ya mgeni," akasema Nadra. "Nisamehe."

Ndipo taa zikawashwa. Yefeti akawawekea binti zake mikono kichwani, mmoja baada ya mwingine, akawabariki. Kisha mezani akamwimbia mkewe wimbo wa kumsifu, kwa sauti mbaya sana. Sultani akastaajabu. "Unamsifu mkeo mbele ya mgeni?"

"Mimi humsifu mbele yake mwenyewe, Maulana. Mgeni amenikuta."

Hata kiu ilipombana Sultani, akapiga makofi akanena, "Maji." Tamari, binti mkubwa, akamwambia kwa adabu, "Bwana, leo katika nyumba hii haamriwi mtu. Hata punda wetu amepumzika. Lakini ukiomba nitakuletea."

Ilikuwa imepita miaka arobaini Sultani hajaomba kitu. Akakaa na kiu yake, akalitafuta neno lenyewe kama mtu atafutaye ufunguo gizani, na chakula kilipokaribia kwisha akasema taratibu, "Naomba maji, mwanangu." Akaletewa mara moja, akanywa vikombe vitatu.

Jumapili asubuhi Yefeti akamrudisha ikulu, akampitisha mlango wa jikoni. Wakiwa bado uani wakasikia vicheko. Sultani akachungulia dirishani. Akamwona Bibi Ghaniya amejifunga kanga kiunoni, akimfundisha mkwewe, Malkia Raihana, mchezo wa ngoma wa enzi za usichana wake. Hilali alikuwa amesimama juu ya kiti, amejitia ndevu za unga wa ngano, akinguruma, "Kahawa hii ni maji ya kuoshea farasi," na wapishi wakishikana wasianguke kwa kucheka. Waziri Shaddadi alikuwa amelala kwenye zulia huku nje barazani, mdomo wazi, kwa maana hapakuwa na salamu za kupeleka.

Bibi Ghaniya akafuta jasho akasema, "Ningejua siku mbili ni tamu hivi, ningemwombea kumi."

Yefeti akapiga magoti pale uani. "Maulana, nyumba yako imetengenea. Pana amani, na kicheko unakisikia. Na wewe, hesabu nywele zako. Sikuugusa hata mmoja."

Askari wa mlangoni wakashusha macho, wakaanza kumsikitikia Nadra atakayebaki mjane. Sultani uso ukamwiva. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo kasoro ni mimi?"

"Mimi ni fundi wa matandiko tu, Maulana. Najua kwamba punda akipiga mateke, mtu hutazama kwanza kama tandiko lina mwiba, ndipo atafute fimbo."

"Nifanye nini basi? Nihame nyumba yangu?"

"Ama nyumba ikukose, ama wewe uukose unywele. Na huo unywele siwezi kukung'oa mimi. Walimu wetu wametufundisha kwamba aliyemkosea mtu, Mungu hamsamehi mpaka kwanza amwendee yule aliyemkosea."

Sultani akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Akaamuru waziri aamshwe, akamwambia, "Andika waraka, upigiwe baragumu mji mzima, kwamba Sultani ameamua kusamehewa."

Yefeti akakohoa. "Maulana, ni waziri aliyewakosea?"

Sultani akamtazama Yefeti, akamtazama waziri aliyekwisha kuchovya kalamu, akasema, "Iweke." Akavua viatu, akaingia peke yake.

Vicheko vikakatika. Hilali akashuka kitini. Sultani akapita katikati yao mpaka mbele ya mama yake, na magoti yaliyokuwa hayajainama kwa mfalme yeyote yakainama. "Mama," akasema, "miezi saba nimekuletea salamu kwa kinywa cha mtu. Leo nimekuja nazo mwenyewe. Nimekukosea. Na wewe, Raihana, nimekukosea. Kahawa haikuwa na ubaya wowote. Nawe, Hilali, nimekukosea."

Malkia akajifunika uso kwa mtandio, haikujulikana analia au anacheka. Bibi Ghaniya akamtazama mwanawe kutoka utosini hadi miguuni. "Kaa," akasema hatimaye. "Umekonda. Huko ulikokwenda hawakukulisha?"

Sultani akacheka, machozi yakimtoka, na nyumba nzima ikacheka pamoja naye, isipokuwa Hilali, aliyesimama na unga wake kidevuni. "Mimi bado, Baba," akasema. "Uliniaibisha mara nyingi. Nipe muda."

Mishipa ya shingo ya Sultani ikasimama. Watu wote wakaingoja ngurumo. Ikapanda, ikafika kooni, akaimeza, na wote waliona jinsi ilivyomkwama. "Chukua muda wako, mwanangu," akasema.

Basi Sultani akaurarua ule waraka wenye muhuri uliotishia kuuhamisha mtaa, akamvika Yefeti joho la hariri, akaweka sheria kwamba siku moja katika kila juma hapatatolewa amri yoyote ndani ya ikulu. Waziri Shaddadi akalalamika kwamba amebaki bila kazi, akapewa kazi ya kuchota maji, kwa kuombwa.

Ama Hilali, alichukua miezi minne. Katika muda huo Sultani alikosea mara nyingi, na kila mara akaenda mwenyewe kwa miguu yake. Hata asubuhi moja Hilali akaingia chumbani kwa baba yake bila kuitwa, akaketi, akammiminia kahawa. Sultani akainywa yote. Ilikuwa imepoa, naye hakusema neno.

Hiyo ndiyo habari ya Hadhirani kama ilivyonifikia, na mwenye nyumba na aipeleke nyumbani kwake.