Kitanda cha Bi Nuru

Mnunua nyumba hununua na hodi zake. Mmeisikia juzi kwa mjumbe, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ilikotoka. Haikutoka mbali, wajukuu zangu. Ilitoka katika nyumba ile ya kona, kinywani mwa mtu aliyeitwa Mhando, na ilianza na mambo ambayo Mhando hakuwa nayo.

Hakuwa na mke, maana mkewe alifia kambini, kwenye shamba la mkonge. Hakuwa na picha yake. Hakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kilibaki katika mashine ya kuchakata mkonge. Hakujua kusoma. Hakuwa na kitanda, kwa kuwa alichokilalia kilikuwa cha kampuni, na siku aliyostaafu alikiacha pale pale. Zaidi ya yote, kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuwa na mlango ambao angeweza kuufunga bila mtu kumwuliza anaficha nini.

Mlango huo ndio aliokuja kuununua hapa Tanga mjini.

Mtaa wetu ulikuwa kama ulivyo sasa: Mdigo ukuta kwa ukuta na Mpare, Mnyamwezi juu ya duka la Mhindi, kengele ya kanisa ikijibizana na adhana. Wengi walikuwa wapangaji wa chumba kimoja kimoja. Nyumba ya kona ilikuwa ya marehemu Bi Nuru. Mwanawe Twaha, aliyekuwa amehamia Lindi, alikuja kuiuza.

Mhando hakuwa mjinga. Aligonga boriti kwa nyundo akitafuta mchwa. Alipanda darini. Alipima mpaka kwa hatua zake mara tatu, akawaita majirani waseme kama kuna ugomvi, wakasema hakuna. Alitaka warithi wote watie saini mbele ya mjumbe. Mkataba nilimsomea mimi, maana mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, nami niliusoma neno kwa neno na sikuona kasoro.

Mambo mawili tu aliyauliza.

"Mbona mlango mpana hivi, kama wa ghala?"

"Wa kizamani," alijibu Twaha huku akitazama saa.

"Na kile kitanda?"

Katika stoo ya uani kulikuwa na kitanda cha kamba, kirefu, chembamba, miguu yake ya mti mgumu.

"Kile ni cha nyumba. Hakihami."

Mhando alifurahi. Amepata nyumba, amepata na kitanda! Alikiingiza chumbani, akakilalia siku nane. Aliniambia tangu azaliwe hajapata usingizi kama ule.

Siku ya tisa, Jumamosi asubuhi, tulikuwa tunarudi naye kutoka sokoni. Tukaukuta mlango wake uko wazi, pande zote mbili. Ukumbini wanawake wanatandika mikeka. Uani moto unawaka chini ya sufuria ambazo si zake. Na katikati ya ua, kitanda chake kimetolewa nje, kinamwagiwa maji.

Mhando aliangusha kikapu. Nyanya zikabingirika hadi miguuni pa Bi Sikujua, muuza vitumbua.

"Pole, baba," Bi Sikujua alisema. "Umefiwa."

"Nimefiwa na nani?"

"Na mzee Gaspari, fundi baiskeli."

"Simjui!"

"Utamjua leo."

"Mmeingiaje humu? Nilifunga mwenyewe!"

"Ufunguo ninao tangu enzi za Bi Nuru; misiba ya mtaa huu huwekwa hapa. Na hodi tumepiga, mara tatu. Hodi ya msiba haingojei karibu."

Mhando alitazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Na kitanda changu mnakiosha kwa nini?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akaweka ndoo chini.

"Baba," Bi Sikujua aliuliza polepole, "kwani hicho ulikuwa unakifanyia nini?"

"Nalalia."

"Yarabi," alisema Bi Sikujua. "Hicho ni cha kuoshea maiti. Mtaa mzima umepita hapo. Mume wangu amepita hapo. Bi Nuru mwenyewe, mwisho, amepita hapo."

Sijaona tena mtu mzima akibadilika rangi namna ile. Mhando alijipapasa mgongo kwa mikono miwili, kana kwamba kuna kitu kimemng'ang'ania. Kisha akapiga ukelele uliowatoa watu wa duka nje. Tokeni! Nyote! Hii ni nyumba ya mtu, si makaburi! Alipiga teke sufuria, akakunja mikeka, akaitupa barazani. Hawakubishana naye. Walitoka mmoja mmoja, na ule utulivu wao ulitisha kuliko matusi. Akasukuma komeo. Mlango aliouota miaka ishirini na sita ulikuwa umefungwa, naye yuko ndani yake ameuegemea.

"Kalamu unayo?" aliniuliza mimi niliyebaki naye ndani.

"Ninayo," nilijibu. Wakati ule sikutembea bila kalamu.

"Andika. Kwa Twaha wa Bi Nuru. Umenidhulumu. Umeniuzia nyumba ya maiti, na kitanda cha maiti nimekilalia siku nane. Njoo uchukue nyumba yako, unirudishie changu, mimi nirudi kambini."

Nikaandika.

Ndipo tukasikia watu uchochoroni, chini ya dirisha. Chumba cha Gaspari kilikuwa cha kitanda na jiko; akiingia mtu wa tatu, wa kwanza hutoka. Mwenye nyumba wake hakutaka maji ya maiti yamwagike uani kwake. Basi wamemlaza kwenye ubao juu ya matofali, pale pale njiani. Wanaume wanamwosha, wanawake wamezunguka wakiwa wamewapa mgongo, wameshika khanga juu ziwe ukuta.

Mhando alifungua dirisha kidogo.

Upepo ulikuja kutoka upande wa reli. Ukainua khanga mbili kwa pamoja, na kwa muda wa pumzi moja wapita njia wote waliiona miguu ya mzee yule, na zaidi ya miguu. Mjane wake, Mama Felista, alijitupa juu yake amfunike kwa mwili wake, gauni zima likalowa.

Mhando alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Mke wangu walimwogesha nyuma ya magunia," alisema. Hakuwa akisema na mimi. "Magunia hayakufika chini."

Akavuta komeo.

Nilimfuata hadi uchochoroni. Bi Sikujua hakuishusha khanga.

"Umekuja kutufukuza na njiani?"

"Nimekuja kuuliza," Mhando alisema. "Kile kitanda, mtu akikaa kichwani pa maiti anashika wapi?"

Gaspari aliingia kwa mlango ule mpana, amebebwa na watu wanne bega kwa bega, bila kugusa miimo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulijengwa hivyo, mimi niliyejiona nimeisoma nyumba yote. Aliogeshwa uani, akaombewa ukumbini, akatoka kwa heshima yake.

Tuliporudi kutoka makaburini tulikaa barazani kula. Bi Sikujua alimsogezea Mhando sahani.

"Baba, siku nane kweli?"

"Nane."

"Na wenyewe hawakukusumbua?"

"Walinipisha."

Mama Felista, machozi hayajakauka, alicheka hadi akashika mbavu.

"Ile barua iko wapi?" Mhando aliniuliza.

"Ninayo. Niichane?"

"Karatasi ni mali. Endelea ulipoachia."

Nikaandika, huku nikisoma kwa sauti, na watu wakisikiliza: "Lakini usije. Ulinionyesha boriti, bati na mpaka. Hodi hukunionyesha, nami sikuuliza. Zote nimezichukua. Kitanda kimerudi stoo, mimi nalala kwenye mkeka. Na wewe ukinunua huko Lindi, kumbuka: mnunua nyumba hununua na hodi zake."

"Rudia hapo mwisho," alisema Bi Sikujua.

Nikarudia. Akayasema maneno hayo mwenyewe, taratibu, kama anayeonja chumvi: mnunua nyumba hununua na hodi zake. Kesho yake yalikuwa mtaa mzima.

Gundi hatukuwa nayo. Mhando alimega tonge la ugali wa matanga, akalipaka kwenye bahasha, akaikandamiza kwa vidole vyake tisa hadi ikashika. Nami nikaipeleka posta kabla jua halijazama, nikaitumbukiza sandukuni.