Firigisi Moja, Walimu Watatu

Hapo zamani, si ile ya fisi na sungura, zamani ya juzi tu, Desemba ilipokuwa bado Desemba na likizo haijamezwa na tuition, Nasambu alikuwa na binti aitwaye Nanjala. Nanjala alimaliza darasa la kwanza bila kusoma hata jina lake. Shule ikasema: Januari tutampima. Asiposoma aya na kuiandika, anarudia darasa.

Nasambu akauzunguka mji wa Bungoma akitafuta masomo ya likizo. Akademi ya kwanza ikamwambia, "Madam, tunapokea watoto wanaojua kusoma."

"Akijua, nimlete afanye nini?"

Ya pili ikamwonyesha bwawa la kuogelea. Kusoma, wakasema, kutakuja kwenyewe. Nasambu akafunga virago, akampeleka mtoto ushago kwa mamake, nyumba ile ile ya udongo alimozaliwa.

Huko Mwalimu Khisa, mstaafu aliyemfundisha hata Nasambu, alikusanya watoto wa likizo kanisani. Ba, be, bi, bo, bu! Nanjala akazishika sauti zote, akawa anaziimba akiteka maji. Lakini alishika penseli kwa mkono wa kushoto. Mwalimu akaihamishia kulia. "Kushoto si kwa kuandikia." Herufi zikayumba kama walevi. Nanjala akaitupa penseli, akakataa katakata kuandika.

Kakake Nasambu, Makokha, alikuwa na digrii na suruali ya intavyuu iliyochakaa kwa kungoja. Alimkuta mtoto ameduwaa mbele ya ukuta. Enzi hizo kuta zilibandikwa magazeti ya zamani, na Nasambu mwenyewe alijizoezea kusoma pale kwenye tangazo la sabuni, bado lipo.

"Njoo, bibie. Soma hapa."

"Wa-zi-ri... a-a-hi-di... ka-zi."

"Ehe! Hiyo ni ya mwaka niliozaliwa. Endelea, the man is still promising!"

Wakaumaliza ukuta wa sebule, wakahamia chumbani.

Krismasi ikakaribia. Kukhu, nyanyake Nanjala, akasiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe, kama kila nyumba ilivyofanya. Sakafu haijakauka, Nanjala akachovya kidole, cha kushoto, akaandika "waziri" kutoka mlangoni hadi mekoni. Nasambu akaruka. "We mtoto! Umeharibu kazi ya Kukhu!"

"Mwache," akasema Kukhu. "Nitasiriba tena."

Akasiriba tena. Mtoto akaandika tena. Magoti ya Kukhu yakavimba. Krismasi ilipofika, sakafu za majirani zilikuwa laini, ya Kukhu ilikuwa kama imechakurwa na kuku wa kijiji kizima. Wageni wakacheka. Herufi zikanyooka.

Januari, Nanjala akasoma aya bila kukwama. Akaandika. Mwalimu mkuu akauona ule mkono, akafungua mdomo, akaona mwandiko, akaufunga. Nanjala akapanda darasa la pili.

Nasambu akarudi naye ushago, akachinja jogoo, akamwalika Mwalimu Khisa. Sasa, kwao firigisi haikatwi. Hupewa mtu mmoja, yule anayeheshimiwa kuliko wote waliokaa kula.

Mwalimu Khisa akakohoa. "Bila mimi, herufi zingekuwa kwake nyayo za kuku. Na mimi ni mgeni hapa."

"Mwalimu, with due respect," Makokha akadakia, "ulimpa sauti ukamnyang'anya mkono. Bila mimi angeimba ba-be-bi mpaka aolewe! Na mimi ni khocha, mjomba wake. Kazi nimenyimwa, na firigisi pia?"

Kukhu akacheka, akajikanda goti. "Nyinyi mlimpa mdomo. Bila mimi, angesoma asiandike. Enzi zetu mwanamke hakula kuku, sembuse firigisi. Nimeipika tangu niolewe, wanangu. Harufu yake ndiyo naijua."

Mwalimu akatazama sahani yake.

Nasambu akasimama na mwiko mkononi, firigisi juu yake, mchuzi ukidondoka kwenye sakafu ambayo bado ilisomeka. Huyu alimfundisha hata yeye. Huyu ni damu yake. Huyu ni mamake.

"Mama," Nanjala akanong'ona, "inapoa."

Haya basi, nyinyi mliokula firigisi bila kuulizwa mlifanya nini: sahani tatu ziko mbele ya Nasambu. Je, aiweke kwenye sahani ya nani?